Éder na Suala la Jagina Asiyetarajiwa: Fainali ya 2016 kama Masimulizi

Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha za Kidato cha Tatu anaifahamu insha hii. Timu ya shule imefika fainali. Wapinzani ni mabingwa watetezi, majitu ya miraba minne. Nyota wa timu anaumia. Kocha, kwa kukosa la kufanya, anamwinua kutoka benchi kijana mmoja mnyonge ambaye hakuna aliyemthamini, naye katika dakika ya mwisho anafumania nyavu, uwanja unarindima, anabebwa mabegani. Insha inafungwa kwa methali, aghalabu "Mdharau mwiba mguu huota tende". Mwalimu anaandika alama tisa juu ya ishirini na kuichukua insha inayofuata, ambayo ni ile ile, ila jina la shule limebadilishwa.

Mwalimu mwenzangu, sikulaumu kwa hizo alama tisa. Hata hivyo, mnamo tarehe 10 Julai 2016, katika uwanja wa Stade de France ulioko Saint-Denis, insha hiyo ilitendeka takriban yote, na watu wazima walilia. Hakuna aliyesema kuwa kisa kimechujuka. Je, ni kitu gani kilichokuwamo katika masimulizi ya usiku ule ambacho hakimo katika insha za wanafunzi wetu? Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kutumia zana zile zile tunazozifundisha katika fasihi: msuko, mhusika, taharuki, sadfa na kinaya. Ninakusudia kuonyesha kwamba ujagina si mfuko wa sifa anaozaliwa nao mhusika. Ni nafasi katika msuko, na nafasi hiyo sharti iachwe wazi na mwingine kabla ya mtu asiyetarajiwa kuikalia.

Tuyakumbuke matukio yenyewe. Ilikuwa fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya, Ufaransa ikicheza nyumbani dhidi ya Ureno. Ufaransa ilikuwa imewahi kutwaa mataji mawili makubwa katika ardhi yake, la Ulaya mwaka 1984 na la Dunia mwaka 1998. Katika nusu fainali ilikuwa imeilaza Ujerumani mabao mawili kwa nunge, na mshambulizi wake Antoine Griezmann alikuwa na mabao sita, mengi kuliko ya mchezaji mwingine yeyote katika mashindano hayo. Fauka ya hayo, mara kumi mfululizo zilizotangulia ambapo timu hizi mbili zilikutana, Ufaransa ndiyo iliyoshinda, zikiwemo nusu fainali za 1984, 2000 na 2006. Ureno, kwa upande wake, ilikuwa imejikokota. Ilitoka sare mechi zote tatu za makundi dhidi ya Iceland, Austria na Hungaria, ikamaliza ya tatu katika kundi lake, ikaipiku Croatia katika muda wa ziada na Poland kwa mikwaju ya penalti. Mechi moja tu ndiyo iliyoshinda ndani ya dakika tisini, ile ya nusu fainali dhidi ya Wales. Tumaini lake lilikuwa mtu mmoja, Cristiano Ronaldo.

Hapo ndipo mhakiki anapopaswa kuwa macho. Katika dakika ya 8 Ronaldo aligongwa gotini na Dimitri Payet. Alitoka, akafungwa bendeji, akarudi, akaketi tena nyasini akilia, na katika dakika ya 25 akatolewa kwa machela. Ichukue sasa orodha ya sifa za shujaa wa utendi ambayo wanafunzi wetu huikariri: ana nguvu zisizo za kawaida, anajulikana hata na maadui, anaibeba jamii yake, ana mahali pamoja anapoweza kujeruhiwa, na anguko lake ni la huzuni. Fumo Liyongo alikuwa na kitovu chake na sindano ya shaba. Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, alikuwa na kivuli chake. Ronaldo alikuwa na goti. Kwa dakika ishirini na tano za mwanzo, fainali ile ilikuwa utendi, nao ulifika mwisho wake wa kawaida mapema mno, kabla hadhira haijatulia vitini. (Tofauti iliyopo ni usaliti. Liyongo alisalitiwa na mwanawe na Magere na mkewe. Payet hakuwa mtu wa nyumbani, na sioni sababu ya kumtwisha mzigo wa msaliti ati kwa kuwa orodha yetu inamhitaji.)

Kisha kuna suala la nondo. Ronaldo alipokuwa ameketi nyasini, nondo alitua usoni mwake. Uwanja mzima ulikuwa umejaa wadudu hao, kwa sababu taa ziliachwa zikiwaka usiku wa kuamkia mechi. Ningekuwa nasahihisha riwaya, ningetarajia mtahiniwa aniambie nondo ni ishara, mdudu anayeifuata nuru hadi inamwangamiza. Hapa simpi alama. Ishara huhitaji mtu aliyeiweka mahali pake kwa makusudi, na nondo wale waliletwa na taa. Nalitaja jambo hili kwa sababu linatukumbusha mpaka ambao tusipouona tutapotea: mechi si fasihi. Inakuwa masimulizi pale inaposimuliwa, na fanani wake ni mtangazaji, mwandishi wa gazeti, na yule kijana anayeisimulia kesho yake kwenye foleni ya chakula cha mchana. Kila ninachokisema hapa kinahusu masimulizi hayo.

Basi utendi umekwisha katika dakika ya 25, ilhali zimesalia dakika tisini na tano hadi mwisho wa muda wa ziada. Masimulizi yanafanyaje yanapompoteza jagina mapema hivyo? Yanabadilisha utanzu. Yanaacha kuwa utendi na kuwa ngano, ile ya mtoto aliyekataliwa.

Éder, jina lake kamili Éderzito António Macedo Lopes, alizaliwa Bissau, mji mkuu wa Guinea-Bissau, mwaka 1987. Alipelekwa Ureno akiwa mdogo na akalelewa katika makao ya watoto. Alipanda polepole kupitia klabu ndogo hadi Académica ya Coimbra, kisha Braga, na mwaka 2015 akaenda Swansea City katika ligi kuu ya Uingereza. Huko hakufunga hata bao moja la ligi. Mapema mwaka 2016 Swansea ilimtoa kwa mkopo hadi Lille nchini Ufaransa, ambako alipata uhai kidogo. Katika timu ya taifa mashabiki wa Ureno walimkejeli kama mshambulizi asiyejua kufunga, na kuitwa kwake kikosini kuliwakera wengi. Kabla ya fainali alikuwa amecheza dakika chache tu katika mashindano yote, bila bao.

Kocha Fernando Santos alimwingiza katika dakika ya 79, matokeo yakiwa sufuri kwa sufuri, kuchukua nafasi ya kijana Renato Sanches. Katika dakika ya 109 alipokea mpira kutoka kwa João Moutinho akiwa ameligeuzia lango kisogo, akamkinga beki Laurent Koscielny kwa mwili, akageuka, akasogea hatua chache na kuachilia mkwaju wa chini kutoka nje ya eneo la hatari. Kipa Hugo Lloris alijinyoosha bila mafanikio. Bao lilikuwa hilo moja, na Ureno ikatwaa taji lake kubwa la kwanza.

Utagundua, msomaji, kwamba Éder si sungura. Wanafunzi wengi wakiambiwa wataje mnyonge anayemshinda mwenye nguvu hukimbilia hurafa na ujanja wa sungura. Hapakuwa na ujanja wowote katika bao lile. Alimshinda Koscielny kwa kifua na mguu. Kwa hivyo jamaa yake katika masimulizi yetu si sungura bali ni yule mtoto wa ngano anayebaki jikoni wenzake wakienda ngomani, ambaye nguvu anazo tangu mwanzo ila hakuna aliyejishughulisha kuzitazama. Katika riwaya, ningemweka karibu na Kongowea Mswahili wa *Siku Njema*, anayefunga safari kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta babake. Kongowea naye anabeba jina la mtu asiye na mahali hadi mwenyewe anapoutafuta mahali pake.

Nitakaa kidogo kwenye ile methali, maana ndiyo inayotuponza. "Mdharau mwiba mguu huota tende" husema kwamba anayedharau ndiye anayeumia. Itumie katika kisa hiki uone. Ni nani aliyemdharau Éder? Ni mashabiki wa Ureno. Ni nani aliyeota tende? Ufaransa, ambayo haikuwa na sababu ya kumdharau; ilimfahamu vyema, maana alicheza katika ligi yake. Waliodharau ndio waliotunukiwa kombe, wakatoka barabarani mjini Lisbon kusherehekea na kuliimba jina la mtu waliyekuwa wakimfanyia kejeli wiki kadhaa kabla. Methali imegeuzwa ndani nje. Hicho ni kinaya, na ndicho kiini cha utamu wa kisa, lakini mtahiniwa aliyekwisha kuibandika methali mwishoni mwa insha yake hawezi kukiona. Kama ni lazima methali itumike, iliyo karibu zaidi ni "Usiache mbachao kwa msala upitao", kwa kuwa inawaelekea watu wa nyumbani wanaokidharau kilicho chao. Nayo pia haitoshelezi, kwa sababu haisemi lolote kuhusu furaha ya mtu asiyestahiki.

Sasa tuje kwenye sadfa. Mpinzani wa hoja yangu atasema kwamba Éder alikuwa na bahati tu, na kwamba mhakiki anajenga ghorofa juu ya mkwaju mmoja. Ninalo jibu, nalo linaitwa André-Pierre Gignac. Aliingia upande wa Ufaransa katika dakika ya 78, dakika moja kabla ya Éder, naye pia kutoka benchi. Katika dakika ya pili ya muda wa majeruhi alimzungusha Pepe hadi akamwangusha, akapiga, na mpira ukagonga mwamba wa goli. Ungepenya ndani kwa upana wa kiganja, mechi ingeishia hapo na Ufaransa ingekuwa bingwa. Tusingekuwa na muda wa ziada wala bao la Éder.

Lakini jiulize: je, Gignac angekuwa jagina asiyetarajiwa? Angekuwa mfungaji wa bao la ushindi, naam, na angetajwa katika kumbukumbu zote. Yeye pia alikuwa na upekee wake, maana alikuwa akicheza mbali huko Meksiko na klabu ya Tigres. Hata hivyo, upande wa Ufaransa hapakuwa na kiti kitupu. Griezmann alikuwa bado uwanjani. Timu ilitarajiwa kushinda, na yeyote ambaye angefunga angetimiza tu kilichotarajiwa. Bahati ingeweza kumpa Gignac bao. Isingeweza kumpa masimulizi, maana masimulizi yalikuwa yakiandaliwa upande wa pili tangu dakika ya 8.

Ushahidi mwingine unatoka Lisbon, tarehe 4 Julai 2004. Siku hiyo Ureno ndiyo iliyokuwa jitu, ikicheza fainali ya kombe lilo hilo nyumbani kwake, na Ronaldo, mwenye umri wa miaka 19, alitoka uwanjani akilia baada ya Ugiriki kushinda bao moja kwa bila. Ni mshangao uliozidi ule wa 2016. Bao lilifungwa kwa kichwa na Angelos Charisteas katika dakika ya 57. Lakini wakumbushe wapenzi wa kabumbu kisa hicho, nao watakusimulia habari za Ugiriki, za ulinzi wake na za kocha wake Mjerumani Otto Rehhagel. Charisteas huja baadaye, na wengine hulikosa jina lake. Hakuwa mtu wa kuibuka ghafla; katika robo fainali bao lake ndilo lililoitoa Ufaransa. Ugiriki haikuwa na jitu lililoanguka, hivyo haikuacha nafasi ya mtu mmoja kuikalia. Pale jagina ni kikundi, kama kijiji katika baadhi ya visakale, na wasimulizi walilijua hilo bila kufundishwa na mtu.

Mwanafunzi makini ataniuliza swali jingine: je, Éder ndiye mhusika mkuu wa fainali ya 2016? La. Mhusika mkuu ni Ronaldo, hata akiwa nje ya mistari, akichechemea kando ya kocha na kuwapigia wenzake kelele kama kocha wa pili. Na mchezaji bora wa mechi, kwa uamuzi wa waandalizi, alikuwa beki Pepe, aliyecheza dakika zote 120. Hapa tuna majukumu matatu yaliyogawanywa kwa watu watatu: mhusika mkuu, mchezaji bora na jagina. Vitabu vingi vya mwongozo huyachanganya, hata mtahiniwa akiulizwa "Mhusika fulani ni shujaa. Thibitisha" huanza kuhesabu kurasa ambazo mhusika huyo anatokea. Pepe alifanya kazi kubwa kuliko Éder, nami ningempa tuzo hiyo bila kusita. Lakini hadhira haikumchagua, na katika fasihi simulizi hadhira ina kura yake.

Kuna kipengele kimoja cha masimulizi haya ninachokitilia shaka. Baada ya mechi, Éder alisema kwamba Ronaldo alimwambia angelifunga bao la ushindi. Wasimulizi wote wamelidaka jambo hilo na kulifanya kiangaza mbele. Sisemi Éder alidanganya. Nasema kwamba mchezaji huambiwa "utafunga" na wenzake kila anapoingia uwanjani, na maneno hayo husahaulika asipofunga. Kiangaza mbele hiki kilipata uzito wake baada ya bao, kikarudishwa nyuma mahali pake. Ni ufundi wa fanani anayejua mwisho wa hadithi yake, na mtahiniwa anayetaja mbinu hiyo atafanya vyema kutaja pia imewekwa na nani na kwa wakati gani.

Turudi basi darasani. Ukimrudishia mwanafunzi ile insha ya alama tisa, usimwambie tu kwamba kisa kimezoeleka. Mwonyeshe kilichokosekana. Katika insha yake, kijana mnyonge anatajwa kwa mara ya kwanza katika aya anayofungia bao. Msomaji hakupewa nafasi ya kumdharau, kwa hivyo hana la kujutia. Dharau iwekwe mapema, na iwekwe mdomoni mwa watu wa upande wake, hata ikiwezekana mdomoni mwa msimulizi mwenyewe. Nyota wa timu asiumie kwa nusu sentensi kama mtu anayeondolewa njiani. Anguko lake lichukue ukurasa. Na mpira wa wapinzani ugonge mwamba. Wanafunzi wetu huwapenda mno mashujaa wao kiasi cha kutothubutu kuwaweka karibu na kushindwa, na hapo taharuki hufa. Vivyo hivyo kwa mtahiniwa wa karatasi ya tatu: anapojibu swali la ushujaa, aanze kwa kuonyesha ni nani alitarajiwa kuwa shujaa katika kazi hiyo na alianguka wapi, ndipo aingie kwenye sifa. Nimeona majibu ya namna hiyo. Huwa mafupi kuliko yale ya orodha, na huwa na uhai.

Limesalia suala la mwisho wa masimulizi. Mtoto wa ngano akishashinda huoa binti mfalme na kupewa nusu ya ufalme. Éder hakupewa. Mwaka 2017 alihamia Lokomotiv Moscow, na tarehe 5 Mei 2018 alifunga katika dakika ya 87 dhidi ya Zenit bao pekee la mechi, lililoipa klabu hiyo ubingwa wa Urusi. Wiki chache baadaye Kombe la Dunia lilichezewa Urusi hiyo hiyo. Fernando Santos alipotaja kikosi chake, jina la Éder halikuwamo. Mnamo tarehe 20 Juni Ureno iliishinda Moroko bao moja kwa nunge mjini Moscow, katika jiji alilokuwa bingwa, na bao lilifungwa na Ronaldo.

Waulize wanafunzi wako wangeikomesha hadithi hii wapi: kwenye dakika ya 109 mjini Saint-Denis, kwenye ile ya 87 dhidi ya Zenit, au siku kikosi kilipotajwa. Kisha wape karatasi waandike aya ya mwisho tu, kila mmoja kwa mwisho alioupendelea, bila methali.